Kwa nini winga wangu hawapigi krosi za juu

Jumamosi moja tulifungwa 1-0 na vijana wa Igoma, hapa Mwanza, nami nilikuwa na daftari mkononi. Winga wangu wawili walipiga krosi 17, yaani mipira ya kutoka pembeni kwenda mbele ya goli. Iliyomgusa mtu wetu ni moja tu, tena ilimgonga mgongoni. Lakini wazazi waliokaa juu ya mawe kando ya uwanja walishangilia zote: "Mimina majalo!" Yaani krosi. Mtoto wa miaka 13 akishangiliwa hivyo, atamimina hata kama ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, hakuna mtu.

Wiki iliyofuata nikapiga marufuku krosi ya juu mazoezini.

Sababu ya kwanza ni Ziwa Victoria lenyewe. Uwanja wetu uko upande wa Nyegezi, na tunaanza saa kumi jioni. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani. Mpira ulioinuliwa na mguu usio na nguvu unaning'inia, kisha unaangukia unakotaka upepo. Sababu ya pili ni vichwa. Marekani walizuia watoto wa miaka 10 kurudi chini kupiga mpira kwa kichwa tangu 2015, na Uingereza mwaka 2020 wakashauri watoto wa shule za msingi wasifanye mazoezi ya vichwa. Mimi naona wana haki.

Badala yake tunafundisha mpira wa chini unaorudishwa nyuma. Winga akiukaribia mstari wa goli, mabeki wote wanakimbia wakilitazama goli lao, na kipa anavutwa kwenye nguzo ya karibu. Mpira ukirudi kuelekea alama ya penalti, mita 11 kutoka golini, beki inabidi afunge breki na kugeuka, wakati mfungaji wetu anakuja mbio akilitazama goli. Tena huyo mfungaji akiwa nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea, hata beki anyanyue mkono hadi uchoke.

Ugumu hauko kwenye kupiga. Uko kwenye mguso wa kabla yake. Winga wengi wanakimbia na mpira ukiwa umenasa miguuni, kwa hiyo macho hayatoki chini. Namtaka ausukume mbele kidogo, na mpira ukiwa unatembea peke yake ndipo atazame ndani. Mimi nasimama pembeni mwa kumi na nane na bipsi (vizibao vya mazoezi) mbili, nyekundu na kijani, nanyanyua moja. Lazima ataje rangi kabla hajapiga. Siku za mwanzo walikuwa wanabahatisha, nikaongeza ya njano, ubishi ukaisha. Baada ya hapo ni mguu wa egemeo kando ya mpira, nyonga igeukie anakopeleka, apige kwa upande wa ndani wa mguu.

Kwa wale wa ndani, kazi ni kuwatenganisha. Wote wanaufuata mpira kama dagaa na karabai. Wa kwanza aende nguzo ya karibu kwa kasi, amburute beki wa kati. Hata asipougusa mpira kazi ameifanya. Wa pili nguzo ya mbali. Wa tatu achelewe, na huyu ndiye anayeninyima usingizi, maana kumwambia mtoto asubiri wakati goli liko wazi ni kama kumwambia asile. Nimemchorea mstari kwa kandambili: asiuvuke mpaka winga ataje rangi.

Na kila winga anacheza upande wa mguu wake wenye nguvu. Najua wote wanataka kukata ndani na kupiga shuti kama wanavyoona kwenye televisheni. Watakata wakifika miaka 15.

Wenye miaka hiyo nimewarudishia krosi ya juu, ila Jumamosi saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Wiki jana walikuja wanne.