Ngazi si foleni: dhana potofu kuhusu huduma ya hatua kwa hatua

Huduma ya hatua kwa hatua hupanga matibabu ya afya ya akili na uraibu kwa uzito wa tatizo. Mwenye shida nyepesi hupewa msaada mwepesi, aliyezidiwa hupewa mkubwa, na wote hupimwa mara kwa mara ili wapandishwe au wateremshwe. Kwa maneno hayo inaeleweka vizuri, lakini watu wengi wanaielewa visivyo.

Dhana: Lazima uanzie chini, ushindwe, ndipo upandishwe.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa kuwa inaweza kuua. Aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, huanza kutetemeka ndani ya saa chache, na katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na degedege. Huyo hapewi kijitabu akasome nyumbani kisha arudi baada ya wiki sita! Anapelekwa moja kwa moja kwenye uangalizi wa daktari. Vivyo hivyo kwa anayepanga kujiua. Mtu huingia kwenye ngazi inayolingana na hali yake siku aliyofika.

Dhana: Fomu ya maswali haiwezi kunijua.

Kweli, haikujui, na wala haikukusudiwa hivyo. PHQ-9, fomu inayotumika sana kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 27. Swali la tisa linauliza kama umewaza kuwa ni heri ufe au kujidhuru. Mhudumu makini hulitazama hilo kabla ya kujumlisha, maana mtu anaweza kuwa na alama sita tu na bado asistahili kuachwa aende zake bila mazungumzo. Fomu ikijazwa tena kila kikao, inaonyesha kama msaada unafanya kazi. Wiki zikipita na alama zimeganda palepale, matibabu yabadilishwe. Mgonjwa asilaumiwe kwamba hajitumi.

Dhana: Ngazi za chini ni ujanja wa kubana matumizi.

Wasiwasi huu una msingi. Anayejenga ngazi mbili za chini na kuzisahau za juu amewajengea wagonjwa kizingiti. Lakini msaada mwepesi si msaada hafifu. Huko Goa, India, utafiti wa MANAS uliochapishwa 2010 uliwatumia washauri wa kawaida waliofundishwa, wakishirikiana na daktari wa kituo na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Katika vituo vya umma, waliohudumiwa hivyo walipona kwa wingi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Katika vituo binafsi tofauti hiyo haikuonekana, na hilo nalo lisifichwe.

Dhana: Mraibu aache kwanza, ndipo atibiwe sonona.

Wangapi wamefukuzwa kwa sentensi hii! Kliniki ya akili inamwambia aende kwa watu wa uraibu, nao wanamrudisha alikotoka. Mara nyingi magonjwa haya mawili yanalishana, na yanatibika pamoja, na timu moja au timu zinazozungumza.

Dhana: Methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi.

Hapana. Ni dawa: inazuia arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa ya kulevya uliyoizoea, na kupunguza vifo vya wanaotumia heroini. Kumharakisha mtu aiache ili aonekane ameshuka ngazi ni kumrudisha kwenye hatari, tena akiwa na mwili usiohimili tena dozi ya heroini aliyoizoea zamani.