Hitilafu ya kuganda kwa damu isiyo ya kurithi: maana yake

Mzee wa miaka 70, aliyewahi kung'olewa meno na hata kupasuliwa bila damu kusumbua kukata, anaamka asubuhi mkono umevilia damu toka kiwiko hadi kiganja. Hakujigonga popote. Kama angezaliwa na himofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, pengine ingejulikana siku ya jino la kwanza. Damu iliyokuwa ikiganda sawasawa ikiharibikiwa hivi ukubwani, hiyo ndiyo hitilafu isiyo ya kurithi. Nayo ina pande mbili: damu kukataa kuganda inapotakiwa, au kuganda isipotakiwa.

Ini bovu na upungufu wa vitamini K huweza kuileta, lakini hizo ni rahisi kuelewa. Zenye hila ni maambukizi na kingamwili.

Maambukizi makali yakienea kwenye damu, chembe nyeupe na kuta za mishipa hutoa ishara ya kugandisha, utadhani mwili mzima umejeruhiwa. Mabonge madogo huziba vijishipa vya figo, ngozi na vidole. Kila bonge linakula chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, na protini za kugandisha. Akiba ikiisha, mgonjwa huyohuyo mwenye mabonge anaanza kuvuja damu kwenye fizi na pale alipochomwa sindano. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo wana sifa mbaya sana kwa hili.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili zinase vijidudu. Wakati mwingine humgeukia mwenyewe. Za yule mzee zimenasa kigandishi namba 8, mojawapo ya zile protini za kugandisha. Maabara huzigundua kwa kuchanganya plazma yake (majimaji ya damu yasiyo na chembe), nusu kwa nusu, na ya mtu asiye na tatizo. Kama ni upungufu tu, plazma ya pili huziba pengo na mchanganyiko huganda kwa wakati. Kama kuna kingamwili, zinakizima hata kigandishi kipya. Ila hizi za namba 8 ni za polepole: mchanganyiko huachwa saa 2 kwenye nyuzijoto 37, na anayepima harakaharaka hudanganyika.

Kundi lingine, kingamwili za antifosfolipidi, yaani zinazolenga mafuta ya kuta za seli na protini zilizoshikana nayo, huvuruga watu zaidi. Ndani ya chupa ya maabara huchelewesha damu kuganda. Ndani ya mwili huleta mabonge miguuni, kiharusi kwa kijana, mimba kuharibika tena na tena. Mojawapo iliitwa kizuia mgando cha lupasi (lupasi ni ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), jina ambalo kwa maoni yangu limekosea mara mbili: mwilini haizuii mgando, na wengi walio nayo hawana lupasi.

Kuna pia pale maambukizi yanapozaa kingamwili. Mara chache, mtoto anayepona tetekuwanga hutengeneza kingamwili dhidi ya protini S, ambayo ni breki ya kuganda. Breki ikikatika, mishipa ya ngozi huziba, na ngozi ya miguu huweza kuwa nyeusi kwa muda mfupi sana. Kaswende na virusi kadhaa nazo huibua kingamwili za antifosfolipidi, nyingi zikiwa za kupita tu. Ndiyo maana kipimo chake kikionyesha zipo, hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi kabla mtu hajaambiwa ana ugonjwa wa kingamwili hizo.