Msitu wa kijiji, msitu wa serikali: yanayosemwa na yalivyo

"Serikali imetukabidhi msitu, sasa ni wetu."

Inategemea msitu upi. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ina njia mbili za kuwashirikisha wanakijiji katika kusimamia misitu, na ugomvi mwingi huanza pale zinapochanganywa. Msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji unaweza kutengwa kuwa hifadhi ya kijiji. Hapo mwenye mamlaka ni kijiji chenyewe, kupitia kamati ya maliasili. Lakini hifadhi ya serikali kuu au ya halmashauri ya wilaya hubaki ya serikali hata baada ya kijiji kutia saini makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Wanakijiji hupata majukumu na mgawo wa faida, umiliki hawapati. Ofisa anayeruka maelezo haya kwenye mkutano mkuu wa kijiji anaacha mgogoro nyuma yake.

"Wanakijiji wakiachiwa, watafyeka wote."

Katika msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilijiandaa kuufanya hifadhi yake, na watu wakakimbilia kukata kabla hawajazuiwa. Nani angemtunzia mwenzake mti atakaonyang'anywa kesho? Vijiji vilipokabidhiwa msitu huo katikati ya muongo, viliweka sheria ndogo na walinzi wake, na miti ikaanza kurudi.

"Ikishaitwa hifadhi, hata kuni haziokotwi."

Mpango wa usimamizi ndio unaosema nini kivunwe, wapi na kiasi gani. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, na mpingo wao ni ule ule unaochongwa klarineti. Mapato huingia mfuko wa kijiji.

"Basi kila msitu wa ushirikiano unalipa."

Hapa hata watetezi wa ushirikishwaji huu hutia chumvi. Misitu ya vyanzo vya maji, kama ile ya milima ya Uluguru, haivunwi mbao. Kinachobaki ni uyoga, dawa, kuni kavu na mizinga ya nyuki, huku doria za mlimani mara nyingi zikiwa za kujitolea. Maji yanayotoka huko huingia mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Anayefungua bomba jijini analipa ankara yake. Anayekesha akilinda chanzo angestahili sehemu ya fedha hiyo.