Oksijeni ya majani hutoka kwenye maji

Wengi wetu tulifundishwa hivi: jani huvuta kabonidayoksaidi, hubaki na kaboni, kisha huturudishia oksijeni. Maelezo hayo yanaingia akilini kwa urahisi, ila si sahihi. Oksijeni hiyo hutoka kwenye maji.

Mwaka 1941, huko California, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliuweka mwani ndani ya maji yenye oksijeni nzito, ya uzito wa 18 badala ya 16. Oksijeni iliyotoka ilifuata uzito wa oksijeni ya maji, si wa ile ya kabonidayoksaidi.

Kinachopasua maji ndani ya jani ni kifundo kidogo mno: atomi 4 za manganizi na 1 ya kalisi, zilizoshikana kwa oksijeni. Na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli za jani, zikikaa gizani, kisha zikamulikwa kwa mimweko mifupi, mmweko wa kwanza hautoi kitu cha maana. Oksijeni hufumka kwenye wa 3, halafu wa 7, halafu wa 11. Kifundo hupoteza elektroni moja kila mmweko hadi zitimie 4. Gizani hupumzika kikiwa tayari hatua moja mbele, ndiyo maana mara ya kwanza mimweko 3 hutosha.

Hatua hizo huonekana kwa spektroskopia ya eksirei, yaani kupima ni eksirei zipi zinazofyonzwa: kadiri manganizi inavyopoteza elektroni, ndivyo inavyohitaji eksirei zenye nishati kubwa zaidi ili izifyonze. Wanaotengeneza vichocheo vya kupasua maji kwa jua, vya kobalti au rutheni, huvichunguza kwa njia hiyohiyo.