Samaki wa Kisiba hakujibadilisha

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha nne, mada ya mageuzi ya viumbe, na sentensi ni ileile ya kila mwaka: "Kiumbe hujibadilisha ili aendane na mazingira." Wiki hiyohiyo mzazi mmoja, mkulima wa nyanya, akaniambia, "Mwalimu, kantangaze wamezoea dawa."

Hawajazoea! Kiwavi wa kantangaze, yule nondo anayeharibu nyanya, aliyepata sumu ya kumtosha anakufa palepale, atazoea saa ngapi? Ila kati ya maelfu waliomo shambani, wapo wachache waliozaliwa na jeni ya kuihimili sumu ile, kabla hata bomba halijajazwa maji. Hao ndio wanaobaki kutaga. Vizazi vichache baadaye, shamba zima ni uzao wao. Hakuna mdudu aliyejibadilisha. Kwa hiyo namsihi kila mkulima abadilishe kundi la sumu, yaani namna inavyomuua mdudu, asibadilishe chupa tu. Majina mawili ya dukani huweza kuwa na kiambato kimoja.

Asiyeamini aende Ziwa Kisiba, pale Masoko, wilayani Rungwe. Wageni hufika wakiulizia sarafu za Wajerumani zinazosemwa zilizama humo, na hazina inaogelea mbele yao. Ndani ya ziwa lile la kreta, shimo la volkano, wamo samaki wa spishi Astatotilapia calliptera, wa sura mbili. Madume wa karibu na ufukwe ni wa njano. Wale wa kilindini, mita 20 kwenda chini ambako mwanga ni hafifu, ni wa bluu, na taya lao la kooni ni jembamba zaidi kwa sababu chakula chao ni kingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba walianza kuachana ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Hakuna samaki wa njano aliyezama akaibuka wa bluu. Waliozaliwa na maumbile yanayofaa kule chini walishiba zaidi na kuacha watoto wengi zaidi, kizazi baada ya kizazi. Makundi hayo bado huchanganya damu kidogo, hivyo hayajawa spishi mbili kamili. Mimi hilo ndilo linalonifurahisha: tumewakuta njiani.

Na hakuna mlima uliowatenga, ziwa ni moja. Wanaodai lazima pawe na mto au bonde katikati wamekosea.

Wapo pia wanaodhani kutengana peke yake kunatosha. Kipunji, aina ya kima, wa Rungwe na Kitulo wako umbali wa takribani kilomita 350 na wenzao wa Ndundulu, kule Udzungwa, na bado wanahesabiwa spishi moja. Tena kipunji "hakuzuka" 2005. Huo ni mwaka aliotangazwa kisayansi. Wawindaji wa Kinyakyusa walikwishamjua.

Wengine huniuliza, "Kama tulitokana na nyani, mbona bado wapo?" Hatukutokana na nyani hawa wanaokula mahindi yetu. Sisi na wao tuna babu mmoja wa zamani sana, na binamu hafi kwa sababu wewe umezaliwa.