Dunia 1.6 ni kilomita ngapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha sita hapa Mbeya aliniandikia: "Shikamoo mzee. Nimesoma kwamba sayari ya Kepler-452b ina ukubwa mara 1.6 ya Dunia. Hizo ni kilomita ngapi?" Mimi ni mpima ardhi, kazi yangu ni bikoni na mipaka ya viwanja. Hata hivyo swali lake lilinifurahisha sana, kwa sababu sisi wapima tunaishi na ukubwa wa Dunia kila siku.

Nilianza na hilo neno "ukubwa". Kwetu linabeba kila kitu: urefu, upana, ujazo, hata uzito. Ukiambiwa "mara 1.6", uliza kwanza, mara ya nini? Waliotangaza sayari hiyo mwaka 2015 walikuwa wanazungumzia nusu kipenyo, yaani umbali kutoka kitovu hadi usoni. Tufe lenye nusu kipenyo mara 1.6 lina ujazo mara 1.6 × 1.6 × 1.6, zaidi kidogo ya mara nne. Ukichanganya hivyo viwili, hesabu yote inaharibika kabla hujashika kikokotoo.

Halafu, nusu kipenyo kipi? Anayenunua viazi Uyole anajua kwamba "gunia tano" si kipimo mpaka uambiwe ni lumbesa au ni gunia la kawaida. Dunia nayo imevimba kiunoni kwa sababu inajizungusha. Kutoka kitovu hadi Ikweta ni kilomita 6,378.1, hadi kwenye ncha ni 6,356.8, na wastani ni 6,371.0. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliweka utaratibu: nusu kipenyo cha Dunia kikitajwa kama kizio bila maelezo mengine, kieleweke kuwa ni cha Ikweta.

Basi 1.6 × 6,378.1 ni 10,204.96. Kijana aliniandikia hivyohivyo, na desimali zake. Nilimwomba azifute. Hiyo 1.6 yenyewe inaweza kupanda au kushuka kwa kama 0.2, ambayo ni kilomita 1,300 hivi. Jibu la haki ni kilomita 10,000 na ushei. Hapo hata ukitumia ule wastani haidhuru kitu.

Kwenye kazi yangu inadhuru. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimesimama juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, unaotumia umbo la Dunia lililokokotolewa na mpimaji Clarke mwaka 1880, lenye nusu kipenyo cha Ikweta cha mita 6,378,249. GPS inatumia mfumo mwingine, WGS 84, wenye mita 6,378,137. Tofauti ni mita 112, na juu ya hapo vitovu vya maumbo hayo mawili havikai mahali pamoja. Nilipokuwa mgeni kazini nilichukua namba za bikoni kwenye ramani ya zamani ya shamba moja upande wa Rungwe, nikaziingiza kwenye kifaa cha GPS bila kuzigeuza. Kikanipeleka karibu mita 300 pembeni, katikati ya migomba ya mtu mwingine. Mama mwenye migomba akatoka na jembe mkononi: "Mwanangu, mmekuja kuninyang'anya?" Nilimwomba radhi, na sauti yake bado ninayo. Tangu siku ile siandiki namba ya bikoni bila kuandika jina la mfumo juu ya ukurasa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi. Umbali wa vitu vya angani, ukitajwa kwa nusu kipenyo cha Dunia, kwa kawaida huhesabiwa kutoka kitovuni. Setilaiti za televisheni ambazo madishi ya Mwanjelwa yanazielekea ziko kwenye 6.61, sawa na kilomita 42,160 hivi. Ondoa nusu kipenyo kimoja cha Dunia, kile kilicho chini ya miguu yetu, utabaki na kama 35,780 juu ya Ikweta.

Na kama huna kikokotoo, ikumbuke mita ilikotoka. Kati ya 1792 na 1798 wapima wawili, Delambre na Méchain, walipima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona, ili mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya njia ya kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Kwa hiyo robo ya mzingo ni kama kilomita 10,000, na mzingo mzima 40,000. Gawa kwa 6.283, yaani pai mara mbili, unapata nusu kipenyo cha 6,366. Umekosa wastani kwa kilomita tano tu!

Kijana ameshaifanya hesabu hiyo kwa kalamu na kunitumia picha ya karatasi. Sasa anauliza kuhusu Jupita, ile Mshtarii. Huko kiuno kimevimba kwelikweli: kilomita 71,492 kwenye Ikweta, 66,854 kwenye ncha.