Je, wajua kwa nini dawa hufungiwa ndani ya jino kabla ya mzizi kuzibwa?

Anayetibiwa mzizi wa jino huenda akashangaa kuambiwa arudi baada ya wiki moja au mbili, ilhali uboho uliooza, yaani nyama laini ya ndani ya jino, umekwisha kutolewa na mfereji wa mzizi umeoshwa. Shida ni kwamba mfereji huo una matawi na kona zisizofikiwa na kifaa chochote, na kuta zake za dentini, yaani sehemu ngumu inayounda mwili wa jino, zimejaa vijitundu vyembamba mno ambamo bakteria hujificha. Vidonge vya kumeza haviwafikii, kwa kuwa dawa ya namna hiyo husafirishwa na damu, na jino ambalo uboho wake umekufa halina tena damu inayopita ndani yake.

Ndiyo maana dawa huwekwa humo humo. Inayotumika zaidi ni kalsiamu hidroksaidi, ambayo Mjerumani Bernhard Hermann aliiingiza katika tiba ya meno mwaka 1920. Ni unga mweupe unaokorogwa na maji safi hadi uwe kama uji mzito, kisha hushindiliwa mferejini na jino kufunikwa kwa kizibo cha muda. Ukali wake wa alikali, wenye pH (kipimo cha asidi na alikali, ambapo 7 ni katikati) ya takriban 12.5, huharibu utando na protini za bakteria. Huyeyuka kwa shida, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwani huendelea kufanya kazi kidogo kidogo kwa siku nyingi. Lakini dentini yenyewe huupunguza ukali huo, hivyo haraka haifai.

Hata hivyo, si bakteria wote wanaosalimu amri. Enterococcus faecalis, anayepatikana mara kwa mara katika meno yaliyotibiwa yakaugua tena, huweza kusukuma protoni, yaani chembe zinazoleta asidi, ziingie ndani ya seli yake na hivyo kuistahimili alikali. Wapo madaktari wanaotumia mchanganyiko wa viuavijasumu vitatu, yaani metronidazo, siprofloksasini na minosaiklini, ingawa hiyo ya mwisho hulitia jino weusi.

Jino ambalo uboho wake ungali hai mara nyingi humalizwa kwa siku moja. Lenye dawa ndani, maumivu yakiisha, mwenyewe hushawishika kutorudi, na hilo ni kosa: kizibo cha muda kikilegea, mate hupenya na kuingiza bakteria wapya, na dawa ikikaa miezi mingi yaweza kudhoofisha dentini hadi mzizi ukavunjika kwa urahisi.